Mkanda Uliovimba Nyuma ya Kope: Uchambuzi wa Kisa cha Hidrojeli ya MIRAgel

Kuanzia miaka ya 1990, madaktari bingwa wa macho nchini Marekani na Ulaya walianza kupokea wagonjwa wa namna moja ambao mwanzoni waliwatatiza. Mgonjwa alikuwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa retina miaka saba, kumi au hata kumi na mitano nyuma. Upasuaji ulifaulu, naye akarudi katika shughuli zake na karibu akausahau. Sasa alirejea hospitali akiwa na kope lililotuna, jicho lisilogeuka kikamilifu upande mmoja, na malalamiko kwamba kitu kimoja anakiona viwili. Wengine walikuwa na maumivu, wengine hawakuwa nayo. Picha za CT na MRI zilionyesha kitu kinene chenye majimaji kilicholizunguka tufe la jicho na pengine kulisukuma kutoka mahali pake. Baadhi ya wagonjwa hao walishukiwa kuwa na saratani ndani ya shimo la jicho, baadhi walidhaniwa wana mfuko wa maji, na baadhi walitibiwa kana kwamba wana maambukizi.

Kilichovimba kilikuwa ni mkanda ambao daktari wa upasuaji aliushona kwa mkono wake mwenyewe ili kuokoa uwezo wa kuona. Mkanda huo ulitengenezwa kwa hidrojeli iliyouzwa kwa jina la MIRAgel na kampuni ya MIRA ya jimbo la Massachusetts, na wakati malalamiko yalipokuwa yakiongezeka ulikuwa tayari unaondolewa sokoni. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinahusu bidhaa ambayo haikutengenezwa kwa uzembe. Waliobuni hidrojeli hiyo walikuwa wanakemia na madaktari hodari, walikuwa na sababu nzuri za kuitaka, na majaribio waliyoyafanya yaliwapa majibu ya kuridhisha. Kosa lilijificha ndani ya kifungo kimoja cha kikemia ambacho huvunjika polepole mno kiasi cha kutoonekana katika jaribio la miezi michache.

Ili kuelewa kwa nini mtu ashonewe mkanda nje ya jicho, ni lazima kwanza kuielewa retina. Huu ni utando mwembamba ulioutandika ukuta wa ndani wa jicho, nao ndio unaopokea mwanga. Ukitoboka au kuchanika, majimaji yaliyo ndani ya jicho hupenya nyuma yake na kuubandua, kama rangi ya ukuta inavyobanduka unyevu ukiingia chini yake. Retina iliyobanduka hukosa lishe na hatimaye hufa. Mwaka 1949 daktari Mjerumani Ernst Custodis alishona kitu juu ya sklera, yaani ule ukuta mweupe wa nje wa jicho, ili ukuta huo ubonyee kwa ndani na kuikutanisha tena retina na mahali ilipotoka. Charles Schepens, Mbelgiji aliyehamia Boston, alianza kazi ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 Harvey Lincoff alieneza matumizi ya sifongo ya silikoni. Mbinu ilikuwa sahihi na inatumika hadi leo. Suala lililobaki lilikuwa ni nyenzo gani ishonwe pale.

Custodis mwenyewe alitumia nyenzo iliyotokana na polivinili alkoholi, ambayo baadaye ilionekana kuidhuru sklera iliyo chini yake. Silikoni ilikuwa bora zaidi, kwani haiozi wala haiyeyuki. Hata hivyo sifongo ya silikoni ina vijishimo, na vijishimo ni makao mazuri ya bakteria. Mara nyingine maambukizi yaliyoanzia humo yalilazimu sifongo kutolewa. Silikoni ngumu isiyo na vijishimo nayo ilikuwa na lawama yake, kwamba inaikandamiza sklera na pengine kuichimba au kujitokeza nje kupitia utando wa jicho. Daktari alitaka kitu laini kinachojipinda kulingana na umbo la jicho, chenye uso mwororo usio na mahali pa kujificha vijidudu, na ikiwezekana kinachoweza kubeba dawa.

Hidrojeli ilionekana kuyajibu mahitaji yote hayo. Hidrojeli ni mtandao wa minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zilizoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, iliyofungamanishwa, wenye uwezo wa kushikilia maji bila kuyeyuka ndani yake. Anayejua mbegu za mrehani zinavyovaa ute zikilowekwa ameshaona jambo lenyewe kwa macho: maji yameingia, lakini mtandao unayazuia yasitiririke. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili nayo ni maji yaliyoshikiliwa na mitandao ya protini na sukari, hidrojeli hufanana na tishu kwa ulaini kuliko plastiki yoyote, na ndiyo maana kwa miongo kadhaa imekuwa ikitumika katika lenzi za macho, bandeji za vidonda, vibebea dawa na gundi za upasuaji.

Miguel Refojo, mwanakemia aliyefanya kazi Boston katika taasisi ya utafiti wa macho iliyoanzishwa na Schepens, alijishughulisha kwa miaka mingi na jeli za aina hii. Mwaka 1981 yeye na mwenzake walichapisha makala kuhusu hidrojeli waliyoisifu kwa kuunganisha nguvu na ulaini. Ilitengenezwa kwa kuchanganya monoma mbili, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo wa polima: methili akrileti, ambayo haipendi maji na hivyo huipa jeli uimara, na hidroksiethili akrileti, ambayo hupenda maji na hivyo huilainisha. Ukibadilisha uwiano wa hizo mbili unapata jeli yenye ulaini unaoutaka. Mikanda iliyotokana nayo ilikuwa laini, yenye kunyumbuka, isiyo na vijishimo vya kuingiwa na chembehai. Tena iliweza kulowekwa katika antibiotiki kabla ya upasuaji na kisha kuiachilia dawa hiyo taratibu baada ya kushonwa. Katika majaribio ya wanyama na katika miaka ya kwanza ya matumizi kwa binadamu, tishu ziliipokea vizuri. Mtu yeyote aliyelinganisha matokeo hayo na maambukizi ya sifongo angeichagua hidrojeli, na mimi pia ningeichagua.

Hapa ndipo inapobidi kukaa na kemia kwa muda, kwa sababu jibu la kisa chote limo ndani ya monoma hizo mbili. Kila moja yake ina kifungo cha esta. Esta hupatikana pale asidi na alkoholi zinapoungana na kutoa maji. Kwa hiyo maji yakirudishwa, yanaweza kuufumua muungano huo na kuturudishia asidi na alkoholi. Wanakemia huliita tendo hili hidrolisisi. Katika joto la mwili na katika pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 7.4 tendo hilo ni la polepole sana, lakini polepole si sawa na kutotokea. Nyenzo iliyokusudiwa kukaa mwilini maisha yote, ikiwa imezungukwa na maji na yenyewe imejaa maji, itapewa muda wa kutosha.

Kila esta ya akrileti inapovunjika, sehemu ndogo ya alkoholi huondoka na kuenda zake, na kwenye mnyororo wa polima hubaki kundi la asidi ya kaboksili. Katika pH ya mwili kundi hilo hupoteza protoni na kuwa na chaji hasi. Chaji hasi moja haina madhara, lakini maelfu yake yaliyobanwa ndani ya mtandao mmoja husukumana, na juu ya hapo huvuta ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu kutoka katika majimaji ya mwili ili kuzisawazisha. Ioni zikijaa ndani kuliko nje, shinikizo la osmosisi huvuta maji yazifuate. Jeli iliyopimwa ulaini wake kwa makini maabara sasa ina nguvu mpya ndani yake ambayo mbunifu hakuiweka.

Msomaji anaijua bidhaa hii ya mwisho bila kuwa mwanakemia. Chembe nyeupe zilizomo ndani ya nepi za kisasa za watoto, zile zinazogeuka jeli nene zikilowa mkojo, ni poliakrileti ya sodiamu iliyofungamanishwa, yaani minyororo ya akrileti yenye makundi yale yale ya kaboksili na sodiamu. Kwa maneno mengine, mkanda ulioshonwa kwenye jicho ulikuwa ukigeuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, kuwa ndugu wa karibu wa kijazio cha nepi. Haukuwa umeingiliwa na kitu kutoka nje wala mwili haukuwa umeukataa; ulikuwa unafuata tu tabia ya kifungo ulichoundwa nacho.

Ucheleweshaji wa miaka nao una maelezo yake. Mwanzoni methili akrileti, kwa kutopenda maji, huzibana esta nyingi mahali ambapo maji ni haba. Kadiri esta chache za kwanza zinavyovunjika ndivyo maji yanavyozidi kuingia, na kadiri maji yanavyoingia ndivyo esta nyingine zinavyofikiwa. Ni jambo la kutarajiwa basi kwamba kwa miaka kadhaa hapataonekana kitu, kisha uvimbe utaanza kujionyesha. Pia hesabu ya ujazo huficha mwanzo na kuutia chumvi mwisho. Tuseme mkanda wenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 3 umelizunguka jicho lenye kipenyo cha milimita 24. Ujazo wake unazidi kidogo mililita moja. Ukiongezeka mara mbili kila upande, ujazo haukui mara mbili bali mara nane. Tufe la jicho lenyewe lina karibu mililita 7, na shimo zima la jicho, pamoja na misuli, mafuta na neva zake, hubeba takribani mililita 30 tu na limezungukwa na mfupa. Kitu chenye zaidi ya mililita nane ndani ya chumba hicho hakina pa kwenda isipokuwa mbele, chini ya kope, au ndani, juu ya sklera.

Ndiyo maana dalili za wagonjwa zilikuwa vile zilivyokuwa. Msuli uliobanwa na jeli hauwezi kuligeuza jicho, na macho mawili yasipoelekea pamoja mtu huona vitu viwili viwili. Kope lilituna kwa kuwa ndiyo sehemu pekee iliyoweza kusogea. Kwa baadhi ya wagonjwa jeli ilitoboa utando wa mbele na kujitokeza nje, na kwa wachache iliila sklera hadi ikaingia ndani ya jicho. Katika vipande vilivyotolewa na kuchunguzwa kwa hadubini kulikutwa pia mashapo ya kalsiamu, jambo lisilo la ajabu kwa nyenzo iliyojaa chaji hasi, kwani ioni za kalsiamu zina chaji chanya mbili na hushikamana na kaboksili kwa urahisi. Mashapo hayo, yakionekana kwenye CT kama ukingo mweupe kuzunguka donge, yaliwasukuma zaidi wasomaji wa picha kufikiria magonjwa mengine.

Tatizo la pili lilijitokeza siku ya kuutoa. Mkanda wa silikoni ukileta shida, daktari hukata nyuzi zilizoushikilia, huushika kwa koleo na kuuvuta ukiwa mzima. Madaktari waliojaribu hivyo na MIRAgel iliyovimba waligundua kwamba haishikiki. Ilikuwa imepoteza uimara wake wote, na kila koleo liliponasa kipande, kipande hicho kilikatika, kama mtu anayejaribu kuinua papai lililoiva kupita kiasi kwa ncha za vidole viwili. Kuvunjika kwa esta kunaeleza jambo hili pia: mnyororo uliojaa maji umetandazwa hadi kikomo chake, na pale ambapo vifungo vinavyounganisha mnyororo mmoja na mwingine vyenyewe ni vya esta, hivyo navyo hukatika. Baadhi ya madaktari walilazimika kuifyonza jeli kwa bomba, wengine walitumia kifaa cha kuigandisha ili ipate kushikika, na wengine waliichota kidogo kidogo. Haya yote yalifanyika juu ya sklera iliyokwisha kukonda, ambapo mkono ukiteleza jicho hutoboka. Vipande vilivyobaki nyuma viliweza kuendelea kuvimba na kuleta uchochezi, yaani wekundu na uvimbe wa tishu.

Swali la haki ni hili: je, jambo hili lingeweza kujulikana mapema? Nadhani jibu ni ndiyo, ila si kwa majaribio yaliyokuwa ya kawaida wakati huo. Jaribio la sumu kwa chembehai huuliza kama nyenzo inatoa kitu kinachoua chembe ndani ya siku chache. MIRAgel haikuwa na sumu ya namna hiyo. Jaribio la kuipandikiza kwa sungura kwa wiki au miezi huuliza kama tishu zinapata uchochezi; hazikupata. Majaribio yote mawili yalijibu kwa ukweli maswali yaliyoulizwa, na hakuna hata moja lililouliza nyenzo hiyo itakuwa kitu gani baada ya miaka kumi. Hata mfumo wa sasa wa viwango vya ISO 10993, yaani viwango vya kimataifa vya kupima usalama wa vifaa tiba mwilini, ulioanza kuchapishwa mwaka 1992, huvigawa vifaa kwa muda wa kukaa mwilini katika makundi matatu: hadi saa 24, zaidi ya hapo hadi siku 30, na zaidi ya siku 30. Kundi la tatu linamweka pamoja mtu atakayekaa na kifaa kwa miezi miwili na mtu atakayezikwa nacho. Mfumo huo una sehemu maalumu kuhusu kuoza kwa polima, na mbunifu makini huitumia, lakini ni yeye anayepaswa kujua ni kifungo gani cha kutilia shaka.

Njia ya kuuharakisha muda ilikuwepo na ipo. Matendo mengi ya kikemia huongeza kasi joto likipanda, na kanuni ya makadirio inayotumiwa sana ni kwamba kasi huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa kanuni hiyo, miaka kumi katika nyuzi 37 hulingana na miezi 15 katika nyuzi 67, au chini kidogo ya miezi minne katika nyuzi 87. Ukiloweka vipande vya jeli katika maji yenye chumvi na pH ya mwili, ukavipima uzito kila wiki, na kupima idadi ya makundi ya kaboksili yanayojitokeza, utauona mwelekeo kabla ya mgonjwa wa kwanza kushonewa. Kanuni yenyewe ni ya makadirio tu. Kila tendo lina kasi yake, jeli inaweza kubadili tabia katika joto kubwa, na ndani ya chupa hakuna vimeng'enya wala chembe za kinga. Kwa hiyo idadi ya miaka inayopatikana haiaminiki sana. Kinachoaminika ni aina ya badiliko: jeli iliyoanza bila chaji na sasa ina chaji itavimba, iwe ni mwaka wa sita au wa kumi na sita.

Kuna ulinganisho ambao kwangu ndio wenye mafunzo zaidi katika kisa hiki, nao unahusu kundi moja dogo la methili. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, walieleza katika jarida la Nature hidrojeli iliyotokana na hidroksiethili methakrileti. Ndiyo jeli iliyozaa lenzi laini za macho. Wichterle alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kuzimimina nyumbani kwake, wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, akitumia vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma. Methakrileti na akrileti zimetofautiana kwa kaboni moja na hidrojeni zake tatu, zilizokaa kwenye mnyororo karibu kabisa na esta. Kikundi hicho huisonga esta na kuizuia isifikiwe kwa urahisi na maji, na pia huufanya mnyororo uwe mgumu kujipinda. Matokeo yake ni kwamba esta za polimethakrileti hustahimili hidrolisisi kuliko za poliakrileti. Kikundi hicho hicho, kwa kuukaza mnyororo, huifanya jeli ikiwa kavu iwe ngumu kama kioo, na ikiwa imelowa iwe dhaifu zaidi kwa kuvutwa. Waliotafuta nguvu na ulaini kwa pamoja walivutwa na akrileti kwa sababu hiyo hasa, na kwa kuliacha kundi la methili waliondoa pia ngao ya esta. Sidai kwamba jeli ya Wichterle haina dosari. Ikipandikizwa mwilini nayo hukusanya kalsiamu, na lenzi ya kwenye kioo cha jicho hutolewa kila inapohitajika, jambo ambalo mkanda ulioshonwa hauna.

Kutokana na hayo, mtu anayebuni hidrojeli ya kukaa mwilini ana mambo ya kuamua mapema, na la kwanza ni kama anataka iondoke au ibaki. Esta si adui. Katika gundi za upasuaji zinazotokana na polietilini glikoli, esta huwekwa kwa makusudi ili jeli iyeyuke ndani ya wiki kadhaa na vipande vyake vitolewe na figo. Hapo kasi ya kuvunjika ni sehemu ya muundo na hupimwa kama kipimo kingine chochote. Hatari iko katikati, pale nyenzo inapotangazwa kuwa ya kudumu lakini imeundwa kwa vifungo vinavyovunjika, ila uvunjikaji wake ni wa polepole kuliko subira ya mtafiti. Kwa kifaa cha kudumu, mnyororo usio na esta wala amidi (kifungo kingine kinachoweza kuvunjwa na maji) kwenye viungio vyake, au ulio na esta zilizokingwa, ni mwanzo salama zaidi. Bila shaka utakuja na matatizo yake mengine.

Jambo la pili ni nafasi. Uvimbaji wenyewe si sumu, na mahali palipo wazi unaweza usidhuru kabisa. Ndani ya mfupa hali ni tofauti. Gundi moja ya polietilini glikoli iliyotumika kuzibia utando wa ubongo ilikuwa na onyo kwamba inaweza kuvimba hadi asilimia 50 kwa kila upande, yaani ujazo zaidi ya mara tatu; ilipotumika karibu na uti wa mgongo ziliripotiwa kesi za neva kubanwa, na kwa matumizi ya mgongo ikatengenezwa aina yenye uvimbaji mdogo. Tofauti na kisa chetu, uvimbaji huo ulijulikana tangu mwanzo, ukapimwa na kuandikwa, na kwa hiyo ukaweza kurekebishwa.

La tatu ni namna ya kuitoa, na naona ndilo linalosahaulika zaidi kwa sababu hakuna anayependa kubuni kushindwa kwake. Jeli za asidi ya hialuroniki zinazodungwa usoni zina faida moja kubwa: daktari akikosea, hudunga kimeng'enya kinachoivunja asidi hiyo na jeli huyeyuka. Jeli ya poliakrilamidi iliyodungwa kwenye matiti ya wanawake wengi nchini China kabla ya serikali kuipiga marufuku mwaka 2006 haikuwa na kimeng'enya cha namna hiyo; ilipotawanyika kati ya tishu, haikuweza kutolewa yote. Katika suala hilo mkanda wa silikoni, pamoja na lawama zake zote, ulikuwa salama kuliko MIRAgel, kwa kuwa baada ya miaka ishirini bado ulikuwa mkanda. Jaribio lililokosekana ni rahisi kulieleza: ichukue jeli iliyozeeshwa kwa joto, ishike kwa koleo lile lile la chumba cha upasuaji, uivute, uone kama inakuja nzima.

Kuondolewa kwa MIRAgel sokoni hakukuitoa machoni mwa watu waliokwisha kushonewa. Kwa wasio na dalili, wengi wa waliowahudumia walipendekeza kuwafuatilia kwa uchunguzi wa mara kwa mara badala ya kuwafungua, kwa kuwa upasuaji wa kuitoa una hatari zake na retina inaweza kubanduka tena. Kwa wenye dalili, kutoa mapema, kabla jeli haijapoteza uimara wote, ni rahisi kuliko kungoja. Ushauri huo unahitaji kwanza mtu ajulikane kuwa anayo, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Aina ya mkanda iliandikwa katika faili la upasuaji. Faili lilibaki hospitali moja, mgonjwa akahamia jimbo jingine, daktari wake akastaafu. Aliyepiga picha ya MRI miaka kumi na tano baadaye aliona donge lenye maji bila historia yoyote. Utaratibu wa Marekani wa kukipa kila kifaa tiba namba yake ya utambulisho ulitangazwa mwaka 2013, na mikanda mingi ya hidrojeli ilikuwa imekaa machoni zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kipimo chenye thamani kuliko vyote kilikuwa ni swali ambalo daktari wa zamu anaweza kuliuliza kabla ya kuandika ombi la kukata kipande cha uvimbe kwa uchunguzi wa saratani: je, uliwahi kufanyiwa upasuaji wa retina, na ilikuwa mwaka gani?